Boliti Nne Mfukoni Mwangu

Mara ya mwisho mliniacha nimekaa kwenye gari la maji, kiganja mdomoni, mtaa mzima ukinicheka. Kwa aliyelikosa gazeti lile, nitaisimulia aibu yenyewe mbio mbio kabla haya haijanirudia.

Mimi ni fundi katika karakana ya mjomba wangu. Tunaletewa malori matupu, kichwa na chesisi tu, yaani fremu na magurudumu, nasi tunayavisha bodi za kazi: makabati ya chuma ya vifaa, ngazi juu, kreni ndogo, taa, na lolote lingine analotaka mteja. Nilisomea mitambo chuoni nikapata diploma, na pale kazini hilo ndilo jina langu. "Diploma, lete spana." "Diploma, shika hapa." "Diploma, usilie, ni mzaha tu."

Gari tulilokuwa nalo ni la idara ya maji. Waliomba wafungiwe spika juu ya paa ili wawatangazie watu maji yanapokatika. Niliifunga mimi. Nikiwa naijaribu, mkaza mjomba alikuja akaniuliza kwa nini kila dereva wa idara ya maji akifika mimi hukimbilia chooni.

Nikamwambia, maana mkaza mjomba ni mtu wa siri. Nikamwambia nampenda yule dereva. Nampenda na tai yake anayoivaa juu ya ovaroli. Nampenda hata anavyopiga chafya.

Spika ilikuwa wazi.

Walisikia wauza viatu wa ng'ambo ya barabara. Alisikia kinyozi, na mteja wake akapoteza nusu ya nyusi. Alisikia Tai mwenyewe, ndivyo tunavyomwita dereva huyo, akiwa amesimama getini na chafya imemkwama puani.

Mmeniandikia wengi. Mmoja kanishauri nihame mtaa, mwingine kaomba namba ya Tai. Nawashukuru wote. Lakini ile ilikuwa aibu tu, na aibu hainyanyui chuma juu ya kichwa cha mtu. Ninayoungama leo ni mengine. Juzi nilikaribia kumuua baba yangu.

*

Baba ni fundi wa pampu katika idara hiyo hiyo ya maji. Ana miaka hamsini na minane na ni mwembamba kama ufagio, kwa hiyo shimo lolote lenye pampu ndani yake, anayeshushwa ni yeye.

Asubuhi hiyo tukiwa tunakunywa chai, alinitazama juu ya kikombe.

"Gari lenu likitoka leo, kazi yake ya kwanza ni shimo la sokoni. Pampu imekufa. Tunaitoa kwa ile kreni uliyoifunga wewe."

"Tuliyoifunga, baba. Mimi na Fundi Rangi."

"Nani atakuwa chini yake?"

"Wewe."

"Basi ni uliyoifunga wewe."

Alicheka. Mimi chai ilinipalia.

Nilifika kazini kabla ya wote nikapanda gari kuikagua kreni. Nilichokiona kilinitoa jasho. Kitako cha kreni, kile kibamba kinene cha chuma kinachobanwa juu ya fremu kwa boliti nane, kilikuwa kimepakwa rangi hadi chini, tabaka juu ya tabaka, kama keki.

Rangi hapo haitakiwi. Rangi ni laini. Ukiibana kwa boliti hutulia siku mbili tatu, halafu hunywea, na boliti uliyoikaza kwa nguvu zako zote inabaki inacheza kama jino bovu. Hilo nililisoma chuoni, na ndilo swali pekee nililolijibu darasani bila kuulizwa.

Alipofika Fundi Rangi nikamfuata. Yeye ndiye mkongwe wa karakana. Hupaka kila kitu. Tunasema akikaa karibu yako zaidi ya robo saa, jifute.

"Fundi, shikamoo. Kitako cha kreni kina rangi kwa chini."

"Marahaba. Kina rangi kila mahali. Ndiyo kazi yangu."

"Lakini pale kwenye boliti..."

"Binti, mimi nimeanza kupaka malori babu yako bado anamkataza mama yako kumwona baba yako. Chuma kisichopakwa ni chuma uchi. Unataka mteja atoke hapa na gari liko uchi?"

Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Hapana, Fundi. Samahani, Fundi."

Hivyo ndivyo ninavyobishana.

Nilisubiri aende chai. Nikapanda kimya kimya, nikafungua boliti nne za upande mmoja, nikazitia mfuko wa ovaroli, nikaanza kuikwangua ile rangi. Mpango wangu ulikuwa nisafishe upande huu, nirudishe boliti, kisha nihamie upande wa pili. Nusu saa tu, na asijue mtu. Sikumwambia yeyote. Ningemwambia nani, na wote walikuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko?

Nilipomaliza kukwangua, mjomba akaita.

"Diploma! Giza!"

*

Hapa lazima niwaeleze kidogo.

Kabati la vifaa likivuja mvua, mteja hukurudia na maneno. Kwa hiyo mjomba ana kipimo chake, na maji hayahusiki. Humfungia mtu ndani ya kabati mchana kweupe. Mtu huyo akiona mwanga, hata wa tundu la sindano, anapazungushia chaki. Mwanga unapopita, maji nayo yatapita.

Mtu huyo ni mimi. Kwanza kwa sababu ya umbo langu dogo. Pili, kwa maneno ya mjomba mwenyewe, "kwa sababu hata ukisahauliwa humo, wewe huwezi kulalamika."

Simu huachwa ofisini, maana taa yake huharibu giza. Ukimaliza, unagonga mara tatu ufunguliwe.

Kabati kubwa kuliko yote liko nyuma tu ya kichwa cha gari, linakatiza toka ubavu hadi ubavu. Mtu wa kimo changu analala humo amejinyoosha. Kona yake moja imekatwa kupisha kitako cha kreni, na humo ndani ndimo nilimofunga mtambo wa spika, pamoja na maiki yangu ya majaribio.

Niliingia na chaki yangu. Mjomba akafunga mlango, akateremsha komeo, kisha nikasikia simu yake ikilia na viatu vyake vikielekea ofisini.

Nilikagua vizuri. Kona ya kitako cha kreni ilikuwa nyeusi tii. Kosa lilikuwa moja tu, langu mwenyewe: tundu la waya unaokwenda kwenye kichwa cha gari, ambalo nilisahau kuliziba kwa mpira. Nikapazungushia chaki. Nikainua mkono nigonge.

"Shikamooni. Gari liko tayari?"

Ilikuwa sauti ya Tai.

Nikaushusha mkono.

Nilijiambia nisubiri aondoke. Nitoke vipi kabatini mbele yake, nimejaa chaki kama ubao wa shule, siku sita tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba naipenda chafya yake? Nikalala nikabana pumzi. Nikasikia hatua zake zikilizunguka gari polepole, kama anatafuta kitu. Zikasimama karibu na kichwa changu. Goti likagusa chuma. Kisha hatua zikaondoka.

"Diploma yuko wapi?" aliuliza.

"Wewe umefika, yeye muulizie chooni," alijibu mkaza mjomba. Watu wakacheka. "Baba Diploma naye yuko getini anakusubiri, ana haraka na pampu yake. Haya jamani, mifuko!"

Mkono ukanienda mfukoni, kwenye zile boliti.

*

Karakana nyingine gari likitoka wanapeana mikono. Kwetu tunakung'uta mifuko. Zamani gari moja lilitoka bila nati mbili za gurudumu, gurudumu likafika kwa mteja kabla ya gari. Nati zikapatikana mfukoni mwa fundi, alikozihifadhi vizuri sana. Toka siku hiyo, mkaza mjomba husimama getini na beseni la plastiki. Kila fundi hupindua mifuko yake ndani ya beseni. Kikionekana cha chuma, gari halitoki.

Beseni hilo limefichua mengi. Siku moja lilipokea hereni kutoka mfuko wa mjomba, nayo haikuwa ya mkaza mjomba. Gari lilitoka salama. Mjomba ndiye aliyehitaji matengenezo.

Sasa nililisikia likipita.

"Fundi Rangi?"

"Kipande cha msasa na kijiti cha meno."

"Kijiti kina rangi."

"Kila kitu kina rangi."

"Tai, wewe baki na mifuko yako, mwanangu. Mfuko wa mteja ni nyumba ya watu, hatuingii. Na mifuko ya Diploma?"

"Hata pini hawezi kuiba yule," alisema Fundi Rangi. "Mfukoni mwake utakuta leso na soni."

"Haya. Beseni halina chuma. Mume wangu! Liende?"

Mjomba, nadhani, alipunga mkono dirishani na simu sikioni. Hupunga hivyo hivyo hata kufukuza nzi.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umezishika zile boliti, nene kama vidole gumba. Baba getini. Shimo la sokoni. Kreni uliyoifunga wewe. Aibu yote iliniruka. Nikagonga mara tatu, nikagonga tena.

Injini ikawaka kwa kishindo. Tulikuwa tumeondoka.

*

Sasa naungama jambo ambalo hata mama yangu sijamwambia.

Gari lilisimama kwenye taa za barabarani. Injini ikatulia. Kupitia lile tundu la waya nililosahau kuliziba, niliwasikia waliokaa mbele kana kwamba tumekaa meza moja.

"Mzee, bodi hii inagonga," alisema Tai.

"Kitu kipya lazima kigonge," alijibu baba. "Kiatu kipya, ndoa mpya."

"Lakini inagonga mara tatu tatu."

"Basi imefungwa na mtu aliyesoma."

Nilivuta pumzi nimwite baba. Mdomo ulikuwa wazi. Jina lilikuwa kwenye ulimi.

"Mzee, shikamoo," Tai akasema.

"Marahaba. Shikamoo ya pili asubuhi moja? Sema unachotaka."

"Ni kuhusu binti yako."

Nikafunga mdomo.

Nihukumuni mnavyotaka. Nilijua nina boliti mfukoni. Nilijua baba anakwenda kuingia shimoni. Nikajiambia: amalize sentensi hii moja tu, kisha nitapiga kelele. Soko bado hatujalifikia, na taa ni nyekundu.

"Niliyasikia aliyoyasema."

"Na nani hakuyasikia? Mama yake alikuwa ananunua vitunguu, ikabidi ajifanye hamjui."

"Mimi pia, mzee... Lakini akiniona anakimbia. Nimewaza sana. Leo nimepata sababu ya kurudi kwao jioni, aje mwenyewe kuichukua mkononi mwangu."

"Sababu gani?"

"Ninayo mfukoni."

"Pete?"

"Bado, mzee! Kitu kidogo tu."

Jamani. Nililala kwenye lile giza nikitabasamu kama mjinga. Nikawaza labda ni barua, au ni leso, labda hata ametia na jina langu. Nilipokumbuka kufungua mdomo, taa ilikwishabadilika, gia imeingia, na kelele zangu zilimezwa na injini kama sindano ndani ya debe la misumari.

Taa nyingine hatukuzikuta.

*

Sokoni kulikuwa na mashine ya dizeli inayofyonza maji shimoni. Ilinguruma jirani kabisa na kabati langu. Nilipiga mayowe hadi koo likakwaruza. Nilipiga teke bati. Sijui kama hata mimi mwenyewe nilijisikia.

Lakini mitikisiko niliipata yote mgongoni, na kila mmoja niliujua maana kreni yenyewe niliifunga mimi. Miguu ya kreni ikashuka, kulia, kushoto. Mkono wa kreni ukainuka. Mnyororo ukateremka. Kisha vishindo vidogo chini ya gari, kimoja kimoja, vya mtu anayeshuka ngazi ya chuma.

Baba alikuwa ameingia shimoni.

Nikaigeukia ile kona ya kitako cha kreni. Ilikuwa nyeusi tii, kama nilivyoiacha.

Mnyororo ukakaza. Gari likainama kidogo.

Na pale konani pakatokea mwanga.

Mwembamba kama uzi. Mimi kazi yangu ni kutafuta mwanga gizani, na sijawahi kuuona mwanga mbaya kama ule. Kibamba cha kreni kilikuwa kinanyanyuka upande usio na boliti. Uzi ukanenepa ukawa kamba ya kiatu.

Chaki kwa kawaida yake ingepazungushia. Nikaitupa. Ndipo nilipoukumbuka mtambo wa spika, ambao aibu ilikuwa imeufuta kichwani mwangu; nikaupapasa gizani, nikabonyeza swichi. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Nikaipata na maiki.

Nilikuwa nimeapa sitaishika tena hata nikilipwa.

"Samahani," nilisema.

Juu ya paa, samahani yangu ilitoka kubwa kama tangazo la vita.

"Samahanini nyote. Shikamooni. Naomba, kama itawezekana, msi..."

Kamba ya kiatu ikawa kidole.

"TAI, ACHA HIYO KRENI! BABA, TOKA SHIMONI!"

Kidole cha mwanga kikasimama. Soko nalo likasimama, kisha sauti ya mwanamke ikapanda juu ya ile mashine:

"Ni yule! Yule wa mapenzi! Karudi! Hebu zimeni hilo lidubwana, tusikie!"

Wakaizima mashine ya dizeli. Kwa ajili ya umbea, msomaji. Mpaka leo nausifu umbea wa soko lile.

"Diploma?" Ilikuwa sauti ya Tai, na ilikuwa imepasuka katikati. "Uko wapi?"

"Kabatini. Usinyanyue tena. Wala usishushe, baba yuko chini yake. Usifanye kitu chochote."

"Naruhusiwa kupumua?"

"Kidogo."

Kutoka chini ya ardhi ikaja sauti ya baba, ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Nani anasema nitoke? Mnyororo umekaa sawasawa. Nikitoka ni kuanza upya."

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe. Mtaa wote umeizoea sauti yako. Unafanya nini kabatini?"

"Baba, tafadhali. Kreni imeshikwa na boliti nne."

"Zinatakiwa ngapi?"

"Nane."

Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Sijapata kusikia mtu akipanda ngazi kwa adabu namna ile.

Ngazi yenyewe ilipita ubavuni mwa pampu. Ilimbidi apenye kati ya ukuta na kile chuma kilichoning'inia, na kila alipoigusa pampu kwa bega, iliyumba, na mwanga konani kwangu uliingia na kutoka kana kwamba unapumua. Niliweka kiganja juu ya kile kibamba, kama vile mkono wangu ungezuia chochote. Nikahesabu vidato. Sita. Saba. Kwenye cha nane akateleza, chuma kikalia, soko zima likasema "yaraabi", na mwanga ukawa mpana hata nikaona vidole vyangu vyote vitano.

Tisa. Kumi.

"Nimetoka," alisema baba. "Na kofia yangu iko chini. Haya, shusheni hilo shetani."

Tai akaishusha pampu taratibu, kama analaza mtoto. Kidole kikawa kamba, kamba ikawa uzi, uzi ukakatika.

Giza. Nililipenda giza lile kuliko ninavyoipenda chafya ya mtu yeyote.

*

Komeo likainuka. Mlango ukafunguliwa, na jua lote la soko likanipiga usoni. Mbele yangu alisimama Tai, tai yake imepinda hadi chini ya sikio. Nyuma yake watu. Nyuma ya watu, watu wengine wamepanda juu ya meza za nyanya.

Nilishuka. Nilikuwa na chaki nyusini, na maiki bado mkononi, waya wake ukinifuata kama mkia.

Baba alikuja amelowa tope hadi kiunoni. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Alinishika bega, akanitazama kichwa mpaka miguu, akaona sijaumia.

"Ziko wapi?"

Nikaweka maiki kwapani, nikatia mkono mfukoni. Nikamwekea kiganjani. Moja. Mbili. Tatu.

Nikapapasa tena. Nikaupindua mfuko nje, kama tunavyofanya mbele ya beseni. Ikaanguka leso.

"Nilifungua nne," nikasema. "Baba, nakuapia, nilifungua nne na nikazitia humu. Labda wakati nikipanda kuingia kabatini..."

"Itafute."

Akatupa kisogo, akaenda kuinama kwenye kitako cha kreni, akakichungulia, jicho moja amelifumba.

Niligeuka nianze kuitafuta. Tai hakuwa amejongea. Uso wake ulikuwa umepauka kama ule wa kwangu wenye chaki. Akasogea karibu kuliko alivyowahi kuwa karibu nami maishani, karibu hata nikanusa sabuni ya tai yake, akafungua kiganja chake chini, kati yetu, ili baba asione.

Boliti ya nne.

Nikaitazama. Nikakumbuka hatua zilizosimama karibu na kichwa changu, goti lililogusa chuma. Nikakumbuka kile "kitu kidogo tu" alichosema anacho mfukoni.

Haikuwa barua.

"Niliiokota kwenye kidaraja cha kupandia," alinong'ona. "Nilidhani ni boliti tu. Mna boliti mia mle ndani. Nilitaka nije jioni niseme nimeokota mali yenu, utoke unipokee. Basi. Sikujua, wallahi sikujua ni ya kreni."

"Ungeuliza," nilinong'ona.

"Ningemuuliza nani? Ulikuwa chooni!"



"Nisikilize," akaendelea, jasho likimchirizika. "Wewe ni mwanawe, atakusamehe. Mimi akijua nilikuwa nayo mfukoni njia nzima, nimekaa naye kiti kimoja, nikamwomba na binti juu yake, hatanipa hata maji ya kunywa. Sema zote nne zilikuwa kwako. Chukua hii. Sema umeipata kabatini. Tafadhali."

Na tafadhali ile ikatoka juu ya paa, na bila shaka na yote yaliyoitangulia.

Ilitoka kubwa, nzito, na ikarudi kutoka ukuta wa ng'ambo ya soko: tafadhali, fadhali, dhali.

Taratibu nikashusha macho hadi kwapani kwangu. Maiki ilikuwa imetukodolea sisi wawili. Ndani ya kabati, ile taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka.

Hakuna aliyecheka. Hata yule mwanamke aliyeniita wa mapenzi hakucheka. Juu ya meza ya nyanya mtu alikuwa ameshika nyanya nusu njia ya kinywa.

Baba alinyanyuka polepole kutoka kwenye kreni. Akapangusa mikono kwenye suruali iliyokuwa chafu kuliko mikono. Alipita mbele ya Tai bila kumtazama, akaja akasimama mbele yangu, kiganja wazi, zile boliti tatu zimelala juu yake.

"Mwanangu, zilikuwa ngapi mfukoni mwako?"

"Baba, umesikia mwenyewe."

"Ya spika nimeyasikia. Nataka kusikia yako."

Tai alikuwa bado amenyoosha mkono chini kwa chini, boliti imekaa kiganjani, macho yananibembeleza. Hayo hayo macho niliyoyakimbia miezi mitano. Ningeichukua ile boliti, ningemwokoa. Nisipoichukua, sijui ningekuwa nimemwokoa nani.

Nikaitoa maiki kwapani nikaishika vizuri. Sikuizima.

Choo cha soko kilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, mlango wazi, hakuna foleni. Nilikiona. Nikabaki nilipo, nikafungua mdomo.